Lori la Kitonga kwenye Kioo cha Kijani

Nyie vijana mnaojazana kwenye kibanda cha gemu cha mjukuu wangu pale Mwanjelwa, mnaniamkia vizuri na sina ugomvi nanyi. Ila juzi mmoja wenu, yule wa kofia ya sufu, aliniuliza zamani tulikuwa tunacheza nini. Nikamjibu tulikuwa tunacheza gemu ya kompyuta, mkacheka wote mpaka mwenzenu akafungwa goli. Mlidhani bibi anatania. Bibi hakutania. Kaeni niwaeleze.

Mimi nilikuwa karani wa hesabu kwenye mradi wa maji, Iringa kwanza, kisha huku Mbeya, miaka ile ya mwisho ya sabini. Kazi ya mradi ilikuwa kupima mito: maji kiasi gani yanapita, mwezi gani yanajaa, mwezi gani yanakauka. Niliajiriwa kama mpiga chapa. Nilitoka Tukuyu na cheti changu cha taipu na sweta mbili, nikijua nitakaa nagonga barua mpaka niolewe. Siku ya kwanza mhandisi wetu, mgeni mmoja mrefu aliyeitwa Henrik, akanipeleka kwenye chumba chenye pazia nene, akanionyesha sanduku kubwa la chuma lenye vitufe kama vya taipu na kioo mbele yake. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukwama, "Atupele, hii sasa taipu yako."

Kwenye karatasi za bandarini kitu kile kilikuwa kimeandikwa "mashine ya hesabu". Miaka ile serikali ilikuwa imezuia kompyuta zisiingizwe hovyo nchini, kwa hiyo hata sisi ofisini tulizoea kuiita mashine ya hesabu. Ukisema kompyuta, mhasibu alikuwa anaangalia mlango.

Kioo chake hakikuwa kama vya kwenu. Vya kwenu picha inatembea. Chetu ukichora mstari, mstari unabaki, wa kijani, kama umechongwa. Huwezi kuufuta peke yake. Ukitaka kufuta kitu kimoja unafuta vyote: unabonyeza kitufe, kioo chote kinawaka mwanga wa kijani mara moja, kinabaki kitupu. Mashine za namna hiyo hazikuenea duniani, nadhani ndiyo sababu. Watu walitaka picha zinazotembea. Sisi tulikuwa na hiyo tu, tukajifunza tabia zake kama unavyojifunza tabia za jiko la mkaa.

Asubuhi za baridi, mwezi wa sita na wa saba, ilikuwa haitaki kuamka. Tulikuwa tunawasha jiko la mkaa kwenye korido, chumba kikipata joto ndipo tunaiwasha. Umeme ukitikisika, kila kitu ulichoandika kimepotea, kwa hiyo kila ukimaliza kipande unakihifadhi kwenye kanda. Na mistari ya programu ilikuwa na namba. Msije mkaandika moja, mbili, tatu. Unaandika kumi, ishirini, thelathini, ili ukisahau kitu upate pa kukichomeka katikati. Hilo nililijua baada ya kuandika upya programu nzima kwa sababu ya mstari mmoja niliousahau.

Siku nyingine nilichora mto Mbarali, vipimo vya pale Igawa, mwaka mzima. Mashine ile ilichora polepole, asubuhi yote imekwenda. Nikainama kuokota kalamu, kiwiko kikagusa kile kitufe. Kioo kikawaka, mto hakuna. Henrik alicheka mpaka akatoa miwani. Wiki nzima akawa anawaambia wageni, "Huyu ndiye Atupele, alikausha mto."

Vipimo vya Igawa vilitupa kituko kingine. Kiangazi kikali, mashine ikachora mto unajaa. Tukahakiki hesabu, ziko sawa. Ikabidi twende. Tulipofika tukakuta ule ubao mrefu wa kusomea maji umelala upande, maji yanagusa namba za juu, na ndama amefungwa juu yake. Mwenye ndama alikuwa mfugaji aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Mchora ramani wetu, Festo Sanga, akamuuliza kwa nini kafunga mfugo kwenye kipimo.

"Niliona ni mti wa serikali," mzee wa watu akajibu kwa upole. "Nikajua hapa ndama wangu hataibiwa."

Aliyetuendesha siku ile alikuwa Mzee Kihongosi, dereva wetu. Alikuwa Mhehe wa Kihesa, mtu mzima wa makamo, mkimya, anaendesha kama amebeba mayai. Niligundua kitu kimoja kwake: safari za upande wa Mbeya alikwenda zote, Makambako, Igawa, Chimala. Safari za Dar es Salaam alikwenda dereva mwenzake. Sikuuliza. Nilidhani ni mpango wa ofisi.

Sasa gemu.

Kwenye kanda moja iliyokuja na mashine kulikuwa na mchezo wa kuonyesha uwezo wake. Una chombo kinashuka mwezini, unaandika namba ya mafuta ya kuchoma, kinapunguza mwendo, unaandika tena. Ukikosea, kinajigonga. Festo alicheza mara kadhaa, akaegemea kiti.

"Dada Atu, mwezini tunaenda kufanya nini? Mimi hata Dodoma sijafika."

"Unataka kwenda wapi?"

Akafikiri. "Kitonga."

Mnaijua Kitonga, ile kona na kona mlimani ukitoka Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni, njia ya Dar es Salaam, malori yanashuka yakinuka breki na nyani wamekaa ukingoni wanatazama. Tukaanza saa za chakula cha mchana. Festo alikuwa na ramani ya barabara ofisini mwake, akapima mteremko. Mimi niliandika programu. Ule mwezi ukawa mlima, mafuta ya chombo yakawa gia na breki. Mashine inakuuliza: gia ngapi? Breki kiasi gani? Unajibu kwa namba, nayo inachora kipande cha njia ya lori, inasubiri tena. Ukikanyaga breki sana zinachemka, zikichemka hazishiki. Ukishindwa, inapiga mlio, inachora nyota mahali ulipoangukia na kuandika KWISHA.

Na kwa kuwa kioo kile hakifuti, nyota zilibaki. Kila aliyeshindwa, nyota yake iko pale, na anayefuata anapita juu yake.

Ofisi nzima ikapenda. Mhasibu ambaye zamani hakutaka hata kusikia jina la kompyuta akawa anakula haraka ili awahi foleni. Henrik alituona, akatuambia tucheze mchana tu na kanda ya mito isiguswe. Yeye mwenyewe alianguka kona ya kwanza kila mara kwa sababu alikuwa anapenda gia kubwa.

Mchana mmoja Mzee Kihongosi aliingia kuleta funguo za gari. Kulikuwa na kelele, watu wanasema "Kwisha! Kwisha!" na mhasibu ameshika kichwa. Mzee akasimama nyuma yetu akitazama kioo.

"Hii nini?"

"Kitonga, mzee," Festo akasema kwa furaha. "Njoo na wewe."

"Na zile nyota?"

"Waliokufa hao. Ile ya pale konani ni mhasibu. Leo amekufa mara mbili."

Watu wakacheka. Mzee Kihongosi aliweka funguo mezani, akaziweka vizuri kabisa, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akatoka. Nilimuona Festo uso unabadilika. Kicheko kilimkatikia mdomoni.

"Mungu wangu," akasema. "Nimesahau kabisa. Mdogo wake."

Ndipo nikaambiwa. Kabla ya kuja kwenye mradi, Mzee Kihongosi aliendesha lori la mbao, na utingo wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Chesco. Chesco alifia Kitonga.

Jumamosi mimi na Festo tukapanda mpaka Kihesa. Tulimkuta anapalilia viazi nyuma ya nyumba. Tukasalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, mkewe akatuletea chai. Festo alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa maneno mengi, lakini siku ile yalimkauka.

"Mzee, tumekuja kuomba radhi," akasema mwishoni.

"Radhi ya nini?"

"Ya ule mchezo."

Mzee alikoroga chai yake muda mrefu. "Lori lenu lile lina watu wangapi ndani?"

"Dereva tu, mzee," nikajibu mimi.

"Hakuna lori linashuka Kitonga na dereva tu, mwanangu. Kuna utingo."

Akatueleza, bila kutuangalia sana, akitazama matuta ya viazi. Walipakia mbao Mafinga. Breki zilianza kunuka kona za juu, kona inayofuata akakanyaga, hakuna kitu. Lori likaanza kukimbia. "Nikamwambia Chesco, ruka. Akaniangalia kama hajasikia. Nikamwambia tena, kwa ukali, kama kaka mkubwa: ruka! Akaruka. Upande wake ulikuwa wa korongo." Akanywa chai. "Mbele kidogo tu lori likakwaruza mlima, likasimama. Mimi nilichubuka hapa." Akatuonyesha kiwiko.

Kuku walipita katikati yetu.

"Ile mashine yenu inapiga hesabu," akasema. "Wanasema haikosei. Mimi nataka kuiuliza. Nisingemwambia aruke, uzito wake ukabaki upande ule wa korongo, lori lingesimama vile vile au lingetupeleka wote?"

Tulipokuwa tunateremka kurudi mjini, Festo alinishika mkono. "Dada Atu, hii ni namba moja tu. Tuongeze uzito wa mbao kidogo. Lori lianguke kila mara. Ataona alifanya sawa, atapumzika moyo."

"Utakuwa unamdanganya."

"Nitakuwa namponya! Atajuaje? Hata kuiwasha hajui."

"Ndiyo maana sitaki," nikasema. "Kwa sababu hajui kuiwasha."

Tulibishana mpaka sokoni. Festo hakuwa mtu mbaya, na sitaki mumwone hivyo. Alimpenda yule mzee kuliko mimi nilivyompenda, alimjua tangu utoto. Jumapili nilikaa kanisani sikusikia neno. Nilikuwa naiona ile programu mistari yake yote, na mstari mmoja wenye uzito, ambao ningeweza kuubadili kwa vidole viwili. Angelala usingizi mzuri. Nani angeumia? Lakini nikawa najiuliza, siku moja mtu akamweleza jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi, si nitakuwa nimemuua mdogo wake mara ya pili?

Jumatatu mchana niliwaomba wengine watoke. Tukabaki watatu. Mzee Kihongosi alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nikaweka mzigo aliousema, mwendo aliousema, gia aliyoisema, na uzito wa Chesco ndani. Breki nikaziweka sifuri. Mashine ikachora, kipande kwa kipande. Lori likagonga mlima likasimama.

Uso wake sitaki kuueleza.

"Subiri, mzee," nikasema. Nikafuta kioo, nikabadili uzito wa mzigo kidogo, kama mbao zingekuwa mbichi. Mashine ikachora tena. Lori likaenda korongoni.

Akaniangalia. "Ipi ya kweli?"

"Sijui, mzee. Namba zote mbili nimeziweka mimi. Mteremko kaupima Festo kwenye ramani. Nikisema mbao nzito, inaamini. Nikisema nyepesi, inaamini."

"Kwa hiyo haijui."

"Haijui."

"Na wewe hujui."

"Na mimi sijui. Hata Henrik hajui. Hakuna atakayejua."

Festo alikuwa amegeukia dirisha. Mzee Kihongosi alikaa pale mikono juu ya magoti mpaka watu wakaanza kurudi kutoka kula, tukawasikia kwenye korido. Nilijua nimemnyima kitu alichokuja kukitafuta, na sikuwa na kingine cha kumpa. Mwishoni akapumua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi ziondoeni zile nyota. Na mumuweke utingo."

Tukafanya hivyo. Mlio tukautoa, KWISHA tukaifuta. Breki zikianza kuchemka ukawa unaweza kusimama, utingo anashuka kuweka kigogo kwenye tairi, breki zinapoa, mnaendelea. Hilo alitufundisha yeye, pamoja na gia ya kuingia nayo kona ipi. Mashine ikawa inauliza mwanzoni: JINA LA UTINGO? Watu waliandika majina ya wake zao, wengine ya wabunge. Mzee Kihongosi alikuja saa za chakula, akatafuta herufi kwa kidole kimoja. C. H. E. Alichukua muda, na foleni ilimsubiri kimya.

Alishindwa mara nyingi, mjue. Kuendesha kwa namba si sawa na kuendesha kwa mguu. Siku alipolifikisha lori chini mashine ikaandika UMEFIKA. Akatikisa kichwa.

"Andika mmefika. Wako wawili."

Nikabadili. Huo ndio mstari wa programu ninaoukumbuka kuliko yote niliyoandika maishani, na niliandika mingi, mingine ya mito mikubwa.

Mkiniuliza iko wapi leo, sijui. Mradi wa Iringa ulipofungwa mashine iliitwa Dar es Salaam pamoja na kanda zake, ikawekwa stoo. Mimi nikahamishiwa Mbeya, nikarudi kwenye taipu na kikokotozi cha mkononi. Miaka kadhaa baadaye nilipita kuiulizia, kijana wa stoo akaniambia vitu vya zamani vilishatolewa. Nilipokuja kukaa tena mbele ya kompyuta nilikuwa na watoto watatu, na kioo kilikuwa cha picha zinazotembea kama vyenu. Nilifurahi. Ila vidole vyangu viliendelea kuogopa kile kitufe cha kufuta.

Lakini nimeruka safari yenyewe, ile ya kuipeleka.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Malori mengi yalichukuliwa kwenda kubeba askari na vyakula, na yule dereva wetu wa safari za Dar alikwenda na lake. Mafuta ya shida. Amri ikaja mashine ipelekwe, na dereva aliyebaki alikuwa mmoja. Henrik alimwita Mzee Kihongosi ofisini, akamwambia akitaka kukataa akatae, wataomba gari kwingine. Mimi nilikuwa naandaa kanda chumba cha pili, niliyasikia. Mzee akauliza tu, "Nani atakaa na mashine njiani?"

"Atupele," Henrik akasema.

"Basi nitaenda."

Tuliondoka asubuhi jua limeshatoka. Mashine tuliifunga kwa magodoro na kamba nyuma ya lori dogo la mradi. Tukapita Ilula. Alizungumza mambo ya viazi, ya binti yake anayesoma kwa masista, mambo ya kawaida. Mlima wa Kitonga ulipoanza kufunguka mbele, bonde lote lile chini, akaegesha pembeni. Akashuka, akazunguka gari, akagusa kila tairi, akarudi. Hakuwasha injini mara moja.

"Mwanangu," akasema, akitazama mbele. "Nikikwambia chochote kule chini, hata nikipiga kelele, wewe usiruke."

"Sitaruka, mzee."

"Hata nikikuamuru."

"Hata ukiniamuru."

Akaingiza gia nzito, tukaanza. Injini ilinguruma ikilishika gari, na breki aliigusa kidogo tu, anaigusa, anaiachia. Kona ya kwanza. Ya pili. Lori la mizigo lilitupita likipiga honi, hakuligeukia. Kwenye kona moja, sikuhitaji kuambiwa ni ipi, midomo yake ilisogea, sijui alisali au alisema na mdogo wake. Jasho lilimshuka shingoni ingawa bado kulikuwa na ubaridi. Mimi nilishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, nikawa nahesabu pumzi zangu, na sikuugusa mlango.

Barabara ikanyooka. Joto la bonde likaingia dirishani. Tulipofika Ruaha Mbuyuni akaegesha, akina mama wakatukimbilia na makopo ya nyanya na mafungu ya vitunguu wakiita bei, nasi tumekaa tu. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. Kisha akazima injini, akashuka, akazunguka mbele ya gari polepole akishika boneti, akaja upande wangu akanifungulia mlango na kunipa mkono.

"Sasa shuka," akasema. "Shuka taratibu."